Hufunga Kula Ili Nisimgombeze

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 31, na huu ni mwaka wa nne nikihudumu katika kliniki ya presha na sukari kwenye zahanati moja ya hapa Tanga mjini. Kliniki yetu ni kila Jumatano. Nimezaliwa na kukulia Ngamiani, kwa hiyo wengi wanaokaa kwenye benchi langu asubuhi ni watu wanaonijua tangu nikitumwa dukani pekupeku, watu ambao hadi leo nikikutana nao barabarani mimi hushuka kwenye baiskeli yangu ndipo nikawaamkia.

Kazi yangu si kupima na kuandika kwenye kadi peke yake. Natakiwa pia kuwapa wateja ushauri nasaha ili wabadilishe mambo waliyoyazoea maisha yao yote: chumvi nyingi, sukari kwenye chai, sigara, kukaa kutwa bila kutembea, kumeza dawa leo na kuiacha kesho. Hapo ndipo ninaposhindwa. Nimesema kwa upole, nimesema kwa ukali, nimewaonyesha picha za vidonda, na mwisho wa kila mazungumzo nasikia jibu lile lile: "Nitajaribu, mwanangu, Inshallah." Baada ya miaka minne nimejifunza kwamba jibu hilo maana yake ni hapana.

Nikueleze habari za wawili tu. Wa kwanza ni mzee mvuvi wa Sahare. Ana presha, anavuta sigara tangu ujana wake, na kitoweo anachokipenda kuliko vyote ni papa mkavu. Kila Ramadhani huiacha sigara mchana kutwa bila kulalamika, lakini nikimwambia aiache moja kwa moja hunitazama kana kwamba nimemwomba mkono wake wa kulia. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, wewe unasema niache kwa sababu hujakaa baharini usiku kucha ukingojea nyavu." Sikuwa na la kumjibu, nikaandika kwenye kadi "ameshauriwa kuacha sigara" na kumwita anayefuata.

Wa pili ndiye aliyenifanya nikuandikie. Nitamwita Mama Vitumbua, kwa sababu ndiyo biashara iliyomlea yeye na watoto wake, na mimi mwenyewe nilipokuwa shule ya msingi, nyumbani kwetu kukiwa hakuna kitu, yeye ndiye aliyekuwa akinipa viwili vya bure nikipita asubuhi. Ana sukari kwa miaka sita sasa. Vipimo vyake vilikuwa vibaya mfululizo, na mwezi wa tatu mwaka huu, nikiwa nimechoka na benchi bado limejaa, nilimwambia kwa sauti iliyosikiwa na wote: "Mama, kama unataka kukatwa mguu, endelea hivyo hivyo." Alinyamaza. Tangu siku hiyo vipimo vyake vikawa vizuri, nami nikaamini kwamba ukali umefanya kazi ambayo upole haukuiweza.

Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, nilipita kwake alfajiri kununua vitumbua. Nilimkuta mjukuu wake, binti wa miaka kama 12, ndiye anayevigeuza kwenye kile kikaango chao cha matundu saba, na bibi yake amekaa pembeni kwenye kigoda, kanga ameikaza tumboni. Nikauliza kama anaumwa. Mtoto akanijibu bila kujua anachokisema: "Haumwi. Hali tangu jana jioni, kesho anakwenda kwako." Mama Vitumbua alitazama chini. Karibu na kigoda palikuwa na kikombe cha maji ya muarobaini.

Kesho yake alikuja. Kipimo kilisoma 5.9. Nikaandika kwenye kadi, nikasema, "Hongera Mama, umejitahidi," na yeye akasema, "Alhamdulillahi." Sisi wote wawili tulijua. Alipoondoka nilienda nyuma ya jengo nikalia.

Tangu hapo sijui nifanye nini. Nimwambie kwamba najua? Nikaze zaidi, kwa kuwa maradhi haya hayana huruma? Au nimwombe mganga mfawidhi anihamishie dirisha la dawa, ambako mtu hupewa alichoandikiwa na kuondoka? Nilidhani kazi yangu ni kuwatia watu moyo waamini kwamba wanaweza kubadilika. Maneno ya kutia moyo nimeyamaliza yote, Mama, na kumbe matokeo yake ni watu wanaofunga kula ili nisiwagombeze.

Ni mimi,
Muuguzi wa Ngamiani

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Naanza na jambo moja lisiloweza kungoja, halafu tukae tuzungumze hayo mengine taratibu. Itazame kadi ya Mama Vitumbua uone anameza nini. Ikiwa ni glibenclamide, au dawa nyingine ya aina hiyo inayoisukuma kongosho itoe insulini, basi kukaa kutwa na usiku wake bila chakula huku anaendelea kumeza kidonge kunaweza kuishusha sukari yake hadi atetemeke, atokwe na jasho la baridi, achanganyikiwe, na hata apoteze fahamu akiwa mbele ya mafuta yanayochemka. Ikiwa ni metformin peke yake, dawa ya sukari isiyoisukuma kongosho, hatari hiyo ni ndogo, lakini bado ile 5.9 imemdanganya mganga, ambaye akiitazama kadi hataona sababu ya kugusa dozi ambayo pengine ilihitaji kuguswa. Kipo pia kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ambacho mtu hawezi kukibadilisha kwa kufunga siku moja. Kama kinapatikana karibu nanyi, ulizia. Haya yote unayajua kuliko mimi. Nayataja mapema kwa sababu yanatuonyesha lipi linaweza kusubiri na lipi haliwezi.

Nikikuelewa vizuri, umeniuliza maswali mawili, na chini yake lipo la tatu ambalo hukuliandika. La kwanza ni namna ya kuishi na siri uliyoipata pale kwenye kikaango. La pili ni namna gani mtu anaweza kumsaidia mwenzake aamini kwamba anaweza kubadili mwenendo wake. Na la tatu, ambalo nadhani ndilo lililokutoa machozi, ni kama wewe mwenyewe unaifaa kazi hii.

Niruhusu kwanza niitilie shaka hiyo tafsiri yako ya "Inshallah". Unasema maana yake ni hapana. Yawezekana. Lakini fikiria nani anasema na nani anasikiliza. Ni mzee wa miaka sitini na kitu, aliyekuona ukikua, amekaa kwenye benchi, na mtoto wa jirani aliyevaa sare anamwelekeza namna ya kula. Kwetu, mdogo hamkanyi mkubwa hadharani, na mkubwa aliyekanywa hana njia ya kujibu bila kumvunjia mdogo heshima au kujivunjia yake. "Nitajaribu, Inshallah" ndilo neno linalowatoa wote wawili salama. Kwa hiyo inawezekana kwamba kwa miaka minne hukuwa ukisikia wanachofikiri juu ya chumvi na sigara. Ulikuwa ukisikia adabu zao.

Hata kufunga kule kwa Mama Vitumbua nakuomba ukutazame upya. Wewe umekuona ni udanganyifu, na ni kweli umo udanganyifu. Lakini mtu ambaye hajali afya yake wala hajali neno lako hafungi siku nzima na kunywa muarobaini kwenye kikombe. Anayefanya hivyo anajali sana, ila hana imani kwamba anaweza kuwa mzima kwa siku thelathini, kwa hiyo anajitahidi awe mzima kwa siku moja, ile unayomwona.

Sasa hilo la imani ndilo kiini cha barua yako, nami nataka tukae nalo kidogo. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliandika kwamba mtu huanza jambo na kudumu nalo kwa kadiri anavyoamini kwamba yeye mwenyewe analiweza. Kujua kuwa jambo lina faida ni kitu kimoja, na kuamini kuwa mimi naliweza ni kitu kingine, na cha kwanza hakizai cha pili. Wateja wako wanajua. Picha za vidonda zimewapa ujuzi wote wanaouhitaji. Kisha Bandura akaeleza imani hiyo inatoka wapi, akataja vyanzo vinne: jambo ambalo mtu amekwisha kulifanya kwa mikono yake akafanikiwa, kumwona mtu anayefanana naye akifanikiwa, maneno ya kutia moyo kutoka kwa anayemwamini, na hali ya mwili na moyo wake wakati ule, kama ametulia au anatetemeka. Chenye nguvu kuliko vyote ni kile cha kwanza. Katika kazi zake na watu waliokuwa wakiogopa nyoka kupita kiasi hakuwahubiria kwamba nyoka yule hana sumu. Mtu alitazama kwanza mwingine akimshika, kisha akasogea hatua moja, kisha akagusa, na kila hatua aliyoiweza ikampa moyo wa hatua inayofuata.

Sasa tazama ulivyokuwa ukifanya. Unasema maneno ya kutia moyo umeyamaliza, na mimi nakuamini, kwa maana ulikuwa ukichota kwenye kisima kimoja kati ya vinne, nacho si chenye maji mengi. Na ile siku ya mwezi wa tatu, pasipo kukusudia, ulikiharibu kile cha nne: mtu akiaibika mbele ya benchi zima, moyo ukimwenda mbio, hujiona mnyonge kuliko alivyoingia.

Kuhusu ukali nataka niseme wazi, kwa sababu umeniuliza kama ukaze zaidi. Mwanasaikolojia William Miller wa Marekani, ambaye mwaka 1983 alianza kuandika juu ya njia ya kuzungumza na walevi bila kuwashutumu, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 1993 utafiti wa watu waliokuwa na tatizo la pombe, na wakaona kwamba kadiri mshauri alivyozidi kupambana na mteja wake, ndivyo mteja alivyokuwa akinywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Sikuambii hili ili nikuongezee majuto. Ukali wako ulitoka kwenye hofu ya kumpoteza mtu aliyekulisha, na hofu ya namna hiyo ni mapenzi. Ila mapenzi hayo yakipita kwenye ukali humfikia mwenzako kama hukumu, naye huanza kujitetea. Na mtu anayejitetea hutaja sababu za kutobadilika, kisha huzisikia kwa sikio lake mwenyewe na kuziamini zaidi. Mzee wa Sahare alifanya hivyo hasa. Ulimwambia aache, akaitetea sigara.

Ningependa turudi kwa mzee huyo, kwa sababu ameshika kitu cha thamani kubwa na ninyi wawili mmekipita. Umeandika kwa sentensi moja kwamba kila Ramadhani huiacha sigara mchana kutwa. Mwanangu, huyo ni mtu anayekaa zaidi ya saa 12 bila sigara, siku baada ya siku kwa mwezi mzima, na amefanya hivyo labda mara arobaini katika maisha yake. Chanzo cha kwanza, kile chenye nguvu kuliko vyote, anacho tayari, wala hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake. Je, asubuhi ya kwanza huwa inakuwaje? Saa ngapi humwia ngumu zaidi? Mikono yake huishughulisha na nini? Magharibi ikiingia, huanza na tende au na sigara, na kwa nini? Ukimuuliza hayo hutakuwa ukimfundisha. Yeye ndiye atakayekufundisha, na akimaliza kukueleza atakuwa amejisikia akisema kwa kinywa chake namna anavyoweza.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba Ramadhani inaweza kuhamishiwa mwezi wowote kwa urahisi. Katika mwezi ule ana nia aliyoiweka kwa Mola wake, na mtaa mzima umefunga pamoja naye. Hakuna anayemwashia mwenzake sigara pwani saa nne asubuhi. Ramadhani ikiisha, msaada ule wote huondoka kwa siku moja. Kwa hiyo pengine swali la kumuuliza mvuvi huyu si kama ana nguvu ya kuacha, maana nguvu anayo, bali ni nani atakayefunga naye. Wale anaopanda nao chomboni wanavuta? Usiku ule wa kungoja nyavu, aliokuambia wewe hujaukaa, una nini ndani yake hata sigara ikawa rafiki: baridi, usingizi, upweke, au kuzuia mdomo usiongee? Alipokuambia hujakaa baharini hakuwa anakukatalia. Alikuwa amefungua mlango, nawe kwa uchovu ukaandika kwenye kadi. Mlango huo nadhani bado hajaufunga.

Kwa Mama Vitumbua njia ni nyingine, kwa sababu yeye hana Ramadhani ya kuonyesha katika jambo hili. Ana miaka sita ya kushindwa iliyoandikwa kwenye kadi kwa kalamu ya buluu. Mtu wa namna hiyo akiambiwa "acha sukari" husikia mlima. Wapo wanaouliza hivi: kutoka sifuri hadi kumi, una imani kiasi gani kwamba unaweza kufanya jambo hili? Kwa mama asiyependa karatasi, mwambie akuonyeshe kwa vidole vyake. Akikunyooshea vitatu, uzito wote wa mazungumzo umo katika swali linalofuata, na wengi hulikosea. Tumezoea kuuliza, "Mbona vitatu tu?" na hapo mtu huanza kukuhesabia udhaifu wake. Jaribu kinyume chake: "Mbona vitatu, Mama, kwa nini si kimoja?" Atalazimika kutafuta ndani yake sababu ya hivyo viwili vilivyozidi, na atakachokitaja, hata kikiwa kidogo, ni cha kwake. Kisha uliza nini kingeweza kuvifanya vitatu viwe vinne. Vinne tu, usivuke hapo.

Lina hatari zake swali hili. Watu wetu wanaweza kukunyooshea vyote kumi kwa heshima ile ile inayozaa "Inshallah". Akifanya hivyo usimbishie, muulize kwa upole, "Na siku itakapokuwa ngumu, Mama, unadhani itakuwa ni kwa sababu gani?" Pia linataka kimya, na kimya mbele ya benchi lililojaa ni kigumu kuliko maneno. Huna nusu saa kwa kila mtu, najua. Labda una dakika nne, na labda unaweza kuzitoa kwa wawili kila Jumatano, si kwa wote.

Hatua yenyewe aichague yeye, nayo iwe ndogo kiasi kwamba kushindwa kuwe kugumu kuliko kuweza. Mimi niliyekaa mbali naona mambo mawili matatu: kile kitumbua cha kwanza ambacho mpishi hukionja kila alfajiri, ambacho huenda mjukuu angeweza kukionja badala yake, vijiko vya sukari kwenye chai, vikiwa vitatu viwe viwili kwa wiki moja, mwendo wa kwenda sokoni kwa miguu. Lakini mimi si mpishi wa kile kikaango. Huenda akataja jambo ambalo wewe na mimi tusingeliwaza, na likitoka kwake ndilo atakalolilinda. Akija Jumatano inayofuata akiwa ameliweza kwa siku nne kati ya saba, ziandike hizo nne kwenye kadi, kando ya kipimo, ili kadi ile kwa mara ya kwanza iwe na kitu alichokifanya. Zile siku tatu zilizobaki muulize kama anayetaka kujua, kwa maana kuteleza kumo ndani ya kubadilika kwenyewe. James Prochaska na Carlo DiClemente, waliowafuatilia watu waliokuwa wakiacha sigara kwa juhudi zao na kuandika matokeo mwaka 1983, walieleza kwamba mtu hupita hatua kadhaa, na wengi huteleza na kurudi nyuma kabla ya kutulia.

Lipo jambo jingine linalonisumbua. Inawezekana kwamba si kila kinachoonekana kama kukosa imani ni kukosa imani. Anayeuza vitumbua, siku visipoisha, nyumbani kwake ndicho chakula cha mchana. Ikiwa hilo ndilo tatizo, hakuna swali la vidole litakaloliondoa, na itakuwa dhuluma kumwacha ajione hana moyo wakati alichokosa ni maharage na mboga. Muulize vinavyobaki huenda wapi.

Nije kwenye ile siri. Ukimwambia wazi kwamba unajua, utakuwa umeondoa uongo uliokaa katikati yenu, na huenda akapumua. Lakini mtu aliyekwisha aibishwa mara moja anaweza kuona ni mara ya pili, akaacha kuja kabisa. Tena yupo yule mjukuu, ambaye neno lake halikuwa na ubaya, na sitaki litoke kliniki likamrudie yeye. Ukinyamaza, utamhifadhi uso wake, lakini ile hatari niliyoanza nayo itabaki palepale. Katikati ya hayo mawili unaweza kusema na wote, wakati wa elimu ya afya ya asubuhi, kwamba wapo watu hufunga kula kabla ya kliniki kwa kuogopa kugombezwa, kwamba ni hatari kwa anayemeza dawa, na kwamba kosa limeanzia kwetu sisi tuliowafanya waogope kipimo. Hata hilo atajua linamhusu. Lakini ukiwa wewe ndiye unayeomba radhi, hatalazimika yeye kuinamisha kichwa. Au unaweza kwenda kwake nyumbani jioni, huna sare, ukakaa kwenye kigoda, ukamwomba radhi kwa maneno ya mwezi wa tatu na usitaje kabisa kufunga, ukaona kama yeye mwenyewe ataligusa. Wewe unamjua, mimi simjui. Jambo moja tu nakusihi: lolote utakalochagua, la dawa lisipite Jumatano moja bila kusemwa.

Kuhama kwenda dirisha la dawa ni halali yako, na sitakuambia kwamba ni kukimbia. Muuguzi aliyechoka hukemea, na wakati mwingine kupumzika ndiko kunakowaokoa wateja. Naogopa jambo moja tu, kwamba utahama ukiwa umeamini kuwa huwezi, na imani hiyo uende nayo hadi dirishani. Kama utahama, bora uhame ukiwa umekwisha kujaribu namna nyingine angalau kwa mtu mmoja.

Kwa maana nawe, mwanangu, ni mtu anayetaka kubadili mwenendo aliouzoea. Miaka minne umesema sana na kuuliza kidogo, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyofundishwa na ndivyo benchi linavyokusukuma. Kwa hiyo nakuuliza wewe lile swali: kutoka sifuri hadi kumi, una imani kiasi gani kwamba Jumatano ijayo unaweza kumuuliza mzee wa Sahare habari za Ramadhani, kisha ukanyamaza hadi amalize? Usiniambie kumi kwa kuniheshimu. Ukisema vinne, nitakuuliza mbona si kimoja, na nadhani najua mojawapo ya majibu yako: bado unashuka kwenye baiskeli kuwaamkia.

Niandikie baada ya Jumatano mbili. Nitapenda kujua mzee alisema huanza na nini Magharibi ikiingia, na kama Mama Vitumbua alikunywa chai asubuhi ile kabla ya kuja kwako.

Mama yako katika ushauri